Mashine ya majani ikikwama mkono usiingie, hata injini ikiwa imezimwa

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nina ng'ombe wanne wa maziwa hapa Pongwe, Tanga. Nimenunua mashine ya kukatia majani iliyokwisha kutumika. Zamani ilikuwa ya umeme. Aliyeniuzia alitoa mota akafunga injini ya petroli ya hospawa 6.5. Nakata mabingobingo na mabua ya mahindi. Inakwama mara tatu nne kila asubuhi, na kijana wangu wa miaka 16 huzima injini kisha anaingiza mkono kuchomoa. Jirani kamgombeza, anasema ipo siku atabaki bila vidole. Injini ikiwa imezimwa, hatari inatoka wapi? Nifanyeje isikwame? Na mbona ikipumzika wiki mbili tatu inagoma kuwaka?

JIBU: Aleikum salaam, dada. Jirani yako amesema kweli, na mshukuru kwamba amesema mapema. Kuanzia leo mkono wa mtu usivuke mdomo wa mashine hiyo mpaka ufanye nitakayoeleza hapa chini. Nitaanza na hiyo hatari, kisha nije kwenye sababu ya kukwama, kwa kuwa mashine isiyokwama haimpi mtu haja ya kuingiza mkono.

Ukizima injini unakata moto wa plagi tu. Gurudumu la visu ni chuma kizito, na limefanywa zito makusudi ili lisipoteze mwendo likikutana na bua gumu. Moto ukikatika linaendelea kuzunguka kwa kasi lililokuwa nayo, na visu bado vinapita mdomoni. Kwa kuwa injini imenyamaza, mtu huamini kila kitu kimesimama. Kofia ya bati nayo inalificha gurudumu, hivyo macho hayamsaidii.

Hatari ya pili naiogopa zaidi, maana inakuja mashine ikiwa imetulia kabisa. Mashine iliyokwama imebana. Mkanda umevutika upande mmoja, springi za rola ya juu (rola ni zile silinda zenye meno zinazovuta majani kuelekea kwenye visu) zimekandamiza majani, na kisu kimeshikwa katikati ya fungu kikiwa bado kinasukumwa. Nguvu yote hiyo imezuiwa na yale majani. Kijana akiyachomoa, kizuizi kimeondoka, na gurudumu linaruka mbele. Haliruki sana, pengine robo mzunguko au pungufu, lakini kati ya kisu kinachozunguka na kile cha chini kisichozunguka nafasi haifiki milimita moja. Mruko mdogo namna hiyo unatosha.

Ya tatu inatokana na injini yenyewe. Gurudumu na injini vimeunganishwa kwa mkanda, kwa hiyo ukisukuma gurudumu kwa mkono unaizungusha na injini. Injini yenye moto bado inaweza kudaka kwa mzunguko mmoja ikiwa swichi haikukata sawasawa, na kwenye injini zilizotumika waya wa swichi mara nyingi umelegea au umekatika. Usiiamini swichi peke yake. Chomoa kofia ya plagi.

Namna ya kuichomoa iliyokwama

Kama mashine yako ina mkono wa gia wenye mbele, katikati na nyuma, na injini haijazimika, achia majani kwanza, kisha weka gia nyuma. Rola zitayarudisha kwenye trei. Usiyashike wakati huo kwa nia ya kuzisaidia rola. Mara nyingi mambo yanaishia hapo.

Ikishindikana, zima swichi, funga koki ya mafuta, chomoa kofia ya waya wa plagi na uikunjie mbali isiweze kuigusa plagi. Tazama puli ya mashine, ambayo iko nje na inaonekana, mpaka isimame. Kisha legeza bolti za kitako cha injini, isogeze, utoe mkanda kwenye puli. Watu wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayoondoa ule mvuto niliousema. Sasa ndipo ufungue kofia ya bati, na kabla ya jambo lolote ingiza kabari ya mti mgumu kati ya mkono (spoku) wa gurudumu na bodi, ikae imara upande ule ambao gurudumu lingezungukia.

Legeza nati za springi za rola ya juu. Vuta majani kutoka upande wa trei kwa ndoano ya nondo, na yale ya ndani yasukume kwa kijiti cha nusu mita. Kiganja kibaki nje. Ukimaliza, toa kabari, shika puli ya mashine na uzungushe gurudumu mzunguko mzima polepole, usikilize kama kuna chuma kinachogusa chuma. Rudisha kofia, mkanda na kinga ya mkanda. Kofia ya plagi iwe ya mwisho kabisa kurudi.

Najua ng'ombe wakianza kulia hakuna mwenye subira ya kufanya haya yote mara nne kwa asubuhi moja. Ndiyo maana kukwama kwenyewe lazima kukomeshwe.

Kabla ya kitu chochote, pima puli

Umeandika kwamba mashine ilikuwa ya umeme. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko mengine, na ningekuomba usiiwashe tena kabla ya kulihakikisha. Mota ya kawaida ya pole nne, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Injini ya petroli ya hospawa 6.5 ikifunguliwa yote hufika 3,600 hivi. Kama aliyekuuzia alihamisha puli ileile ya mota akaifunga kwenye injini, visu vyako vinazunguka mara mbili na nusu ya mwendo vilivyotengenezewa. Nguvu inayovuta kisu kitoke nje haiongezeki mara mbili na nusu. Inaongezeka kwa mraba wake, yaani zaidi ya mara sita. Bolti za visu hazikuchaguliwa kubeba hivyo, na kisu kikichomoka kwa kasi hiyo kofia ya bati jembamba haikizuii.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mizunguko ya injini, zidisha kwa kipenyo cha puli ya injini, gawanya kwa kipenyo cha puli ya mashine. Tuseme puli ndogo ni milimita 100 na kubwa ni 300. Kwa mota, 1,440 mara 100 gawanya kwa 300 ni 480. Kwa petroli, 3,600 mara 100 gawanya kwa 300 ni 1,200. Kibao cha mashine, kama hakijang'olewa, kimeandikwa mizunguko inayotakiwa. Jibu la hesabu yako lisizidi namba hiyo.

Likizidi, usikimbilie kufunga puli ndogo sana kwenye injini, kwa kuwa mkanda wa aina ya A ukikunjwa kwenye puli iliyo chini ya milimita 75 hivi unateleza na kupasuka upesi. Ongeza puli ya mashine na upunguze mwendo wa injini. Kwa mfano huo, puli ya milimita 75 kwenye injini na ya 400 kwenye mashine, injini ikienda 2,600, inakupa karibu 490. Usihofu kwamba injini itakosa nguvu: kwa injini za aina hii nguvu ya kusokota iko juu kabisa karibu na mizunguko 2,500. Mwambie fundi apime kwa kipima mizunguko, kile ambacho waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi, halafu afunge skurubu ya kikomo cha gesi, yaani wenzo wa kuongeza mwendo wa injini, ili mtu asiweze kufungua zaidi ya hapo. Njia nyingine ni injini yenye gia ya kupunguza mwendo kwa nusu. Ni ghali zaidi, lakini ni safi zaidi.

Wakati huohuo tazama upande wa mzunguko. Mota ya umeme hugeuzwa upande kwa kubadili nyaya, ila injini ya petroli ina upande mmoja tu. Mshale ulio kwenye kofia na mzunguko wa gurudumu lazima vikubaliane. Visipokubaliana, injini ihamie upande wa pili wa mashine.

Majani yanakwamia wapi?

Siku ikikwama tena, kabla ya kuchomoa angalia yameishia wapi.

Yakisimama kwenye rola, wala hayavutwi, basi ama fungu ni nene, ama springi zimekazwa mno hata rola ya juu hainyanyuki, au zimelegea hata haibani. Springi mbili zikazwe sawa. Moja ikizidi, rola inalala upande na majani yanakimbilia kona moja. Angalia pia kama kuna kamba iliyojisokota kwenye rola. Huku kwetu mafungu hufungwa kwa katani, na katani haikatiki kirahisi. Inazunguka rola, inajaza meno, na rola inabaki laini. Ubaya mwingine wa hiyo kamba ni kwamba inaweza kukizunguka kifundo cha mkono wa anayelisha na kumvuta pamoja na majani. Kila fungu lifunguliwe chini, mbali na mashine, na kamba itundikwe ukutani. Hapo hapo likung'utwe kutoa mawe, misumari na vipande vya waya.

Yakiwa yamepita rola lakini yamekunjika mbele ya visu, badala ya kukatika yametafunwa na kutoa nyuzi ndefu, tatizo ni visu. Kwa maelezo yako, hapa ndipo ningeweka dau langu. Kisu butu hakikati jani bichi, kinalikunja. Jani lililokunjika linaingia katika nafasi kati ya kisu na kile cha chini, linajipanga na jingine, na gurudumu linashikwa.

Yakijaa kwenye bomba la kutokea, majani yamelowa mno, au mwendo ni mdogo kwa sababu mkanda unateleza, au mabawa ya kurushia yaliyo kwenye gurudumu yamepinda au yamekatika.

Visu: kazi ya kufanya taratibu

Plagi imechomolewa, mkanda umetoka, kabari iko mahali pake. Vaa glavu ngumu. Weka alama ya rangi kila kisu na mahali pake, namba moja na namba mbili, kisha fungua. Kisu kinoewe upande wenye mlalo tu, pembe ya nyuzi kama 25 hadi 30, ile iliyokuwa tangu kiwandani. Upande bapa upitishiwe jiwe laini mara chache kuondoa vinyweleo vya chuma, basi. Kwa jiwe la kusagia la umeme, gusa na uachie, chovya majini kila mara. Ukiona chuma kimegeuka buluu, ukali wa hapo umekufa: kimepoteza ugumu, na kitabutuka baada ya mafungu machache.

Ukishanoa vyote, vipime kwenye mizani ya dukani inayosoma gramu. Vinatakiwa vilingane au vipishane gramu chache sana. Kimoja kikiwa kizito, gurudumu linatikisika, beringi zinakufa na nati zinalegea zenyewe. Punguza kile kizito upande wa mgongoni, kamwe si kwenye makali. Kisu chenye ufa, hata mwembamba kama unywele, kinatupwa, na vinabadilishwa vyote pamoja.

Bolti ziwe na namba 8.8, ya uimara wake, kichwani na urefu uleule wa za awali, pamoja na washa zake. Bolti laini ya dukani isiyo na namba isitumike hapa. Vilevile, kama mashine yako ina pini ya usalama kwenye gia ya rola, ile inayokatika ikimeza jiwe, usiweke msumari au bolti ngumu badala yake. Imewekwa ikatike yenyewe ili gia zipone.

Sasa nafasi. Kati ya kisu kinachozunguka na cha chini iwe nusu milimita au pungufu kidogo, bila kugusana. Kama huna fila geji (vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya), tumia karatasi moja ya daftari: iweke juu ya kisu cha chini, zungusha gurudumu kwa puli polepole, karatasi ikatike kama kwa mkasi. Jaribu ncha zote mbili na katikati, kwa kila kisu. Ikikatika ncha moja na kupindwa nyingine, rekebisha skurubu za upande huo. Kaza bolti, kata majani kama robo saa, zima, fuata hatua zote za usalama tena, ukaze mara ya pili. Kwa ng'ombe wanne, fanya jaribio la karatasi kila wiki. Karatasi ndiyo ikuambie lini kunoa.

Mkanda ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Kama puli mbili zimeachana nusu mita, ushuke karibu sentimita moja. Ukishuka zaidi unateleza, na utasikia harufu ya mpira ulioungua. Ukikazwa mno unaua beringi. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli zote mbili: uziguse zote bila mwanya. Kama kuna mikanda miwili, ibadilishwe yote kwa pamoja.

Na majani yenyewe yana sehemu yake. Mabingobingo yakifika urefu wa mita moja hadi moja na robo yanakatika vizuri na ng'ombe anayapenda. Ukiyaacha yapite mita mbili unakata miti. Yavune jioni, uyasambaze kivulini, asubuhi yamenyauka kidogo na maji yamepungua. Ya umande, hasa wakati wa masika, ndiyo yanayoganda kwenye bomba. Ng'ombe mmoja mkubwa hula kama kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, kwa hiyo wanne ni kilo 160 hadi 200. Ukigawa kazi asubuhi na jioni hutakuwa na haraka, na haraka ndiyo inayonenepesha mafungu. Fungu lisizidi nusu ya kimo cha mdomo, shina litangulie, na mabua makavu uyachanganye na majani mabichi. Vipande vya sentimita mbili hadi tatu vinatosha.

Mikono ya anayelisha

Pima trei ya kulishia. Nyingi zinazouzwa ni fupi, mkono wa mtu mzima unazifikia rola bila kunyooka. India, kiwango chao cha mashine za kupuria nafaka kinataka trei isiyopungua milimita 900, na 450 za upande wa mdomoni ziwe zimefunikwa juu. Chukua kipimo hicho. Fundi wa kuchomelea atakufanyia kwa bati la milimita moja na nusu au mbili, akunje kingo ili zisikwaruze. Kwa trei ya namna hiyo, mkono ukinyooka wote, vidole bado viko mbali na rola. Hakuna matengenezo mengine katika jibu hili yenye thamani kuliko hilo trei.

Majani ya mwisho yaliyobaki kwenye trei yasukumwe na fungu linalofuata, au kwa kijiti chenye kichwa kipana. Kanga ifungwe kiunoni isiachwe ikining'inia, ushungi uchomekwe ndani ya nguo, mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko, bangili zivuliwe. Glavu pana za nguo zisivaliwe wakati wa kulisha, zinashikwa na meno ya rola. Kazi yake ni wakati wa kushika visu. Viatu vya kufunika mguu, miwani, na kitu cha kuziba masikio. Asisimame mtu mbele ya bomba la kutokea, na watoto wasicheze karibu.

Kijana wako wa miaka 16 asilishe mashine hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari, na hata kama ni ya nyumbani kwenu, sababu ya sheria hiyo inabaki ileile. Avune, afungue mafungu, akusanye yaliyokatwa. Kulisha na kuchomoa afanye mtu mzima aliyefundishwa, naye asiwe peke yake. Mwingine awepo anayejua swichi iko wapi.

Mkono ukishikwa, Mungu apishe mbali, zima injini na chomoa kofia ya plagi. Usivute mkono, wala usitumie injini kurudisha nyuma. Legeza springi za rola ya juu, inua rola, ndipo mkono utoke. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kufungua fungua kuchungulia, inua mkono juu ya moyo, mkimbilie hospitali. Kwa Pongwe, ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu yenye maji. Barafu isiguse kidole chenyewe.

Injini na kugoma kwake

Sijui unaikatia wapi, ila kama ni ndani ya banda, itoe. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu huishiwa nguvu kabla hajatambua kinachompata. Kama paa ni la makuti, ekzosi chini yake ni kuni tayari zinangoja. Weka mashine uwanjani au chini ya bati lililo wazi pande zote, angalau mita moja kutoka ukutani, mahali pasawa, na ufagie majani makavu chini ya injini kabla ya kuwasha. Mahali pasawa si kwa ajili ya usalama tu: nyingi ya injini hizi zina kidude kinachozima moto oili ikishuka, na ukiziinamisha zinazimika au zinagoma hata oili ikiwemo.

Oili ni lita 0.6 hivi, ya injini, namba 10W-30 au SAE 30 kwa joto letu. Pima kila siku kabla ya kuwasha, kijiti ukichomeke bila kukizungusha, ufute, uchomeke tena. Ya kwanza baada ya kununua imwage mara moja, kwa kuwa hujui imekaa muda gani. Baadaye kila saa 100 za kazi au miezi sita. Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Chujio la hewa kwa kazi ya vumbi la mabua lisingoje saa 50 za kitabu. Lifungue kila wiki. Sponji ioshwe kwa sabuni, ikauke, itiwe oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi igongwe polepole tu, ikichakaa inunuliwe nyingine. Mapezi ya kupoozea injini na wavu wa upande wa kamba ya kuwashia hujaa makapi. Yapigwe brashi, la sivyo injini inaungulia ndani na makapi yanaweza kushika moto.

Petroli itiwe injini ikiwa imepoa, si chini ya robo saa baada ya kuzima, na tangi lisijazwe mpaka shingoni. Itunzwe katika dumu la mafuta lenye kifuniko, kamwe si chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa kwa bahati mbaya, msimtapishe. Hospitali moja kwa moja. Nunua kituoni, petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inafanya injini iwe ngumu kuwaka na plagi iwe nyeusi.

Na hapo ndipo jibu la kugoma kwako lilipo. Ukizima kwa swichi, kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa, inabaki na petroli kwenye bakuli lake. Kwa joto hili sehemu nyepesi ya petroli, ile inayodaka moto upesi, inatoroka kwanza, na inayobaki inageuka utando wa kunata unaoziba tundu la jeti, kile kijibomba kidogo kinachopitisha petroli. Jioni ya siku ya mwisho kabla ya mapumziko, funga koki ya mafuta na uiache injini iendelee mpaka ijizime yenyewe. Bakuli litakuwa tupu. Ukijua itakaa zaidi ya mwezi, mwaga na tangi.

Ikiwa imeshagoma, injini ikiwa baridi na mbali na moto wowote, weka kikopo chini ya kabureta, fungua bolti ya chini ya bakuli, ambayo kwa kawaida ni ya spana namba 10, mwaga kilichomo, funga, fungua koki, ngoja dakika moja bakuli lijae petroli mpya. Funga choki (kile kilango cha hewa cha kabureta), swichi iwe imewashwa, vuta. Ikiwaka, fungua choki kidogo kidogo. Ikigoma na plagi ikatoka imelowa, umeizidishia mafuta: kausha plagi, irudishe, fungua choki yote na gesi yote, uvute mara kadhaa ukiwa umeweka gia katikati; ikishika tu, rudisha gesi chini. Plagi ikitoka kavu kabisa, jeti imeziba: bakuli litolewe, jeti ifunguliwe na kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Isichokonolewe kwa sindano, kwa kuwa tundu likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi mpaka ununue jeti nyingine.